Hati mama haijaonekana, na dalali anataka laki tatu: tununue fleti hii?

SWALI

Mshauri, salamu. Mimi ni Mkenya, muuguzi hapa Doha. Mume wangu ni Mtanzania na tunataka kununua fleti kwa majina yetu mawili. Kaka yangu aliye Nairobi ametupatia ya vyumba vitatu, ghorofa ya tatu, Kilimani, kwa Sh9.2 milioni. Muuzaji ni mama mjane. Yeye na marehemu mumewe waliinunua mwaka 2009 kwa Sh4.6 milioni, wakaipangisha, na hata sasa mpangaji yumo ndani.

Dalali ametutumia nakala ya lizi, yaani mkataba wa upangaji wa muda mrefu, yenye majina ya wote wawili, cheti cha hisa moja ya kampuni inayosimamia jengo, na risiti za ada ya huduma. Lizi inasema "miaka 99 kuanzia 1 Januari 1964, kasoro siku saba za mwisho". Hizo siku saba sikuzielewa. Nilipouliza hati, akajibu kwamba jengo bado halijagawanywa kuwa hati za fleti moja moja, lakini hilo ni jambo la serikali na litakuja lenyewe. Sasa anataka Sh300,000 kwenye akaunti yake "kuishikilia nyumba", na anasema wakili wa mama atatuhudumia sisi pia ili tupunguze gharama. Kaka ananihimiza nitume. Je, miaka iliyobaki inatosha? Na uraia wa mume wangu una tatizo lolote?

Mnunuzi, Doha

JIBU

Dada, kwanza laki tatu hizo zisitoke. Kisheria hakuna kitu kinachoitwa kuishikilia nyumba. Mkataba wa kuuza fleti Kenya lazima uandikwe, utiwe saini na pande zote, na kila saini iwe na shahidi. Ndivyo kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinavyotaka. Bila huo, mama anaweza kumuuzia mtu mwingine kesho asubuhi, nawe ukabaki kumpigia dalali simu isiyopokelewa. Pesa ya kwanza kwenda upande wa muuzaji iwe arubuni ya asilimia 10, yaani Sh920,000. Ilipwe siku ya kutia saini, kwenye akaunti ya wateja ya wakili wa muuzaji, na mkataba useme wazi kwamba anaishika kwa niaba ya pande zote mbili na hataigusa hadi mauzo yakamilike. Kabla ya siku hiyo mlipe upekuzi na wakili wenu tu. Dalali naye hulipwa na aliyemtuma, na lazima awe amesajiliwa na bodi ya usajili wa madalali wa nyumba na ardhi. Kaka amwombe cheti chake cha mwaka huu.

Sasa tuje kwenye jengo, maana hapo ndipo penye uzito. Mnachouziwa ni lizi ndogo iliyokatwa kutoka lizi kuu. Serikali ilitoa ploti kwa miaka 99 tangu 1 Januari 1964. Baadaye mwenye ploti akajenga ghorofa na kukata lizi ndogo kwa kila fleti. Siku saba zile zimebakizwa makusudi. Mwenye lizi kuu akitoa muda wake wote bila kubakiza hata siku moja, sheria huhesabu kwamba amehamisha lizi yenyewe, si kwamba amepangisha. Kwa hiyo lizi kuu inaisha 31 Desemba 2062 na yenu inaisha 24 Desemba. Kwa pesa, siku hizo saba hazina thamani. Kinachowahusu ni kwamba juu yenu yuko mwenye hati mama, yaani hati ya ploti nzima, na haki yenu inaning'inia kwenye ya kwake. Akiwa na matatizo, mnayo.

Huyo mtu ni nani, dalali hajakwambia, na wala hakuna karatasi hata moja kati ya ulizotumiwa inayomtaja kwa uhakika. Utaratibu uliozoeleka Nairobi ulikuwa hivi: mjenzi anaunda kampuni ya usimamizi, kila mnunuzi anapewa hisa moja, na fleti ya mwisho ikishauzwa mjenzi anaihamishia kampuni hati mama. Mara nyingi hatua hii ya mwisho haikufanyika. Mjenzi alikwisha kupata pesa zake, akaondoka, na hati ikabaki kwa jina lake, au mbaya zaidi ikabaki benki kama rehani ya mkopo wa ujenzi. Cheti cha hisa hakikwambii lolote kuhusu hilo. Kinathibitisha tu kwamba mama ni mwanachama wa kampuni, basi.

Kwa hiyo wakili wenu afanye upekuzi wa aina tatu, kwa mkono wake mwenyewe. Msikubali picha ya matokeo iliyotumwa kwa WhatsApp. Wa kwanza ni wa hati mama, kupitia Ardhisasa, mfumo ambao Wizara ya Ardhi inautumia kwa Nairobi tangu Aprili 2021. Namba iliyo kwenye lizi yenu huenda ni ya zamani ya L.R. (namba ya rejea ya ardhi), na ploti nyingi za jiji zimepewa namba mpya za Bloku, basi ajue kutafuta kwa zote mbili. Rejista ina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza mali, muda wake na kodi yake. Ya pili inamtaja mmiliki. Ya tatu inaorodhesha vizuizi: rehani, tahadhari zilizowekwa na watu wenye madai, amri za mahakama. Hiyo ya tatu isomwe mstari kwa mstari. Upekuzi wa pili ni wa lizi ndogo ya mama, kuona kama iliwahi kusajiliwa kweli au ilibaki makaratasi ya ofisini kwa mjenzi. Wa tatu ni wa kampuni ya usimamizi: fomu ya CR12 kutoka kwa Msajili wa Kampuni, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kampuni za aina hii husahau kupeleka taarifa zao za kila mwaka hadi zikafutwa kwenye rejista, na kampuni iliyofutwa haiwezi kutia saini idhini yenu ya uhamisho mpaka irejeshwe.

Ikiwa hati mama ina rehani, usiambiwe kwamba benki "haina shida". Inatakiwa barua ya benki inayokubali lizi ya fleti hii na kuiachilia kutoka kwenye rehani. Kama barua hiyo haipo na benki haitaki kuitoa, ondokeni. Benki ikija kuuza ploti kwa deni la mjenzi, mtaanza kesi ya miaka mingi kutetea nyumba mliyokwisha kuilipia.

Hilo la kwamba hati za fleti "zitakuja zenyewe" si kweli. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020 ilianza kutumika 28 Desemba 2020. Ilitoa miaka miwili kwa lizi zote ndefu za fleti kugeuzwa kuwa hati za fleti moja moja. Muda huo uliisha Desemba 2022 na majengo mengi bado hayajafanya. Tangu mwaka 2021 Wizara iliacha kusajili lizi mpya za fleti zinazotegemea michoro ya msanifu majengo pekee. Inataka ramani iliyopimwa na kufungwa kwenye majira halisi ya ardhi, yaani namba za upimaji zinazoonyesha mahali ilipo hasa. Maana yake kwenu ni nyepesi: mnaweza kulipa Sh9.2 milioni, mkapeleka uhamisho kwa Msajili, ukakataliwa kwa sababu jengo halijageuzwa. Mama atakuwa na pesa, ninyi mtakuwa na funguo, na rejista itakuwa bado na jina lake.

Kugeuza kwenyewe hakuhitaji muujiza. Mpima ardhi mwenye leseni huchora ramani ya sehemu inayoonyesha kila fleti kwa namba, ghorofa, mipaka na ukubwa wake wa sakafu, pamoja na maeneo ya pamoja kama ngazi, paa, tangi na njia. Ramani huidhinishwa na mamlaka ya upimaji, kisha hupelekwa kwa Msajili pamoja na hati mama ya asili, lizi zilizosajiliwa, na mgawanyo wa kodi ya ardhi kwa kila fleti. Msajili hufunga rejista ya hati mama na kufungua rejista ya kila fleti, na kila hati hubeba fungu lake la maeneo ya pamoja. Papo hapo linazaliwa shirika la wamiliki, ambalo wanachama wake ni wenye fleti wote. Mjenzi hana tena nafasi juu yenu.

Yanayokwamisha ni mawili. Moja ni jengo lisilofanana na michoro iliyoidhinishwa na kaunti: kibali kilikuwa cha ghorofa nne, zikajengwa sita, au maegesho yakageuzwa duka. Mpima hawezi kuthibitisha kisichoidhinishwa, na cheti cha kukalia jengo hakipatikani. Ombeni nakala ya michoro hiyo na cheti hicho mapema. Kaka ahesabu ghorofa kwa macho yake, alinganishe. La pili ni mjenzi kugoma au kupotea na hati mama. Hapa sheria imewafikiria: kampuni au hata mwenye fleti mmoja anaweza kuanzisha ombi, na Msajili ana uwezo wa kuendelea bila hati ya asili na kuweka kizuizi ili hati mama isifanyiwe shughuli nyingine. Kwa hiyo mama hana haki ya kusema "tunamngoja mjenzi". Gharama ya mpima hugawanywa kwa fleti zote, na kazi ngumu kweli ni kuwakusanya majirani wakubali kuchanga.

Basi mkataba wenu uandikwe hivi: siku 90 za kukamilisha, ambazo ndizo za kawaida katika masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili cha Kenya, zianze kuhesabiwa siku hati ya fleti itakapotoka kwa jina la mama, si siku ya kutia saini. Wekeni pia tarehe ya mwisho kabisa, tuseme miezi 12. Ikipita bila hati, mnarudishiwa arubuni yote bila makato. Muuzaji akikataa kifungu hicho, amekujulisha mwenyewe anavyoiona hatari hiyo. Binafsi nisingekubali njia nyingine inayopendekezwa siku hizi, ya kulipa karibu bei yote sasa na kubakiza kidogo hadi hati itoke. Aliyekwisha kupokea asilimia 90 hana haraka ya kuhudhuria vikao vya majirani.

Miaka iliyobaki sasa. Kuishi, inatosha. Kuuza tena ndiko kunakotaka hesabu. Sheria ya 2020 inaruhusu ramani ya sehemu kwenye lizi iliyobakiza angalau miaka 21, kumaanisha kwamba mlango wa kugeuza jengo hili unafungwa mwishoni mwa 2041. Na fikiria mnunuzi wenu wa mwaka 2040 anayetaka mkopo wa miaka 20: mkopo unaisha 2060, lizi inaisha miaka miwili baadaye. Benki haikopeshi kwa dhamana ya namna hiyo, kwa hiyo mtabaki na wanunuzi wa pesa taslimu, nao wanajua kupunguza bei. Ndiyo maana bei ya leo isilinganishwe na ya fleti jirani yenye lizi ya miaka 80. Mthamini wenu aambiwe mwaka wa kuisha, aandike thamani kwa kuuzingatia.

Kuongeza muda kunawezekana kabla lizi haijaisha, chini ya kanuni za mwaka 2017 za kuongeza na kuhuisha lizi. Anayeomba ni mwenye lizi ya ardhi, si mwenye lizi ndogo. Wakati jengo halijageuzwa, ombi lenu liko mikononi mwa mjenzi au kampuni, na kodi ya ardhi hukadiriwa upya. Lizi ikiachwa iishe kabisa, kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa aliyekuwa mwenye lizi nafasi ya kwanza kupewa tena, ila awe raia wa Kenya na ardhi isiwe inahitajika kwa matumizi ya umma.

Hapo ndipo uraia wa mume wako unapoingia. Kununua hakuna tatizo. Ibara ya 65 ya Katiba inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa lizi isiyozidi miaka 99, na hii iko ndani ya mpaka huo. Mtanzania, japo ni jirani, ni mgeni kwa ibara hiyo kama Mwingereza. Lakini nafasi ile ya kwanza baada ya lizi kuisha imewekewa raia tu. Tena ibara hiyohiyo inasema kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu. Kampuni ya usimamizi yenye mwanahisa mmoja mgeni inaweza kuulizwa swali hilo, hivyo mwulize wakili kabla hamjaandika hisa ile kwa majina mawili. Njia salama ni muda kuongezwa mapema, mkiwa hai na lizi ikiwa hai.

Kuhusu mama, itazame ile lizi tena: majina mawili yameunganishwa kwa maneno gani? Kama waliandikwa kuwa wamiliki wa pamoja wasiogawana, fungu la marehemu limemhamia mama moja kwa moja. Atapeleka cheti cha kifo kwa Msajili na jina la mumewe litafutwa. Kama waliandikwa kuwa kila mmoja ana fungu lake, nusu ya marehemu ni ya urithi. Itahitaji barua za usimamizi wa mirathi zilizothibitishwa na mahakama, na kwa kawaida uthibitisho hauombwi kabla ya miezi sita tangu barua kutolewa. Kuuza mali ya marehemu bila idhini hiyo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Urithi, na watoto wake wanaweza kuipinga hati yenu. Nanyi mtachagua maneno yenu hayohayo siku ya kununua, yachagueni mkiyaelewa.

Kodi za mahali penyewe ndizo hukwamisha watu dakika za mwisho. Kuna kodi ya ardhi ya serikali kuu na reti (kodi ya mali) za kaunti, na kwenye jengo lisilogeuzwa zote mbili zinadaiwa ploti nzima. Mama anaweza kuwa na risiti safi za ada ya huduma na bado kaunti ikakataa kutoa cheti cha kutodaiwa kwa sababu kampuni haikupeleka pesa, au fleti sita za chini hazijachanga. Risiti ulizotumiwa ni za taka, mlinzi, maji na lifti. Mkataba udai vyeti vyote viwili, barua ya kampuni kwamba fleti haidaiwi, na idhini ya kampuni ya uhamisho pamoja na uhamisho wa hisa.

Ushuru wa stempu ni wenu: asilimia 4 mjini, nao hukadiriwa baada ya mthamini wa serikali kuitazama nyumba. Kwa Sh9.2 milioni ni Sh368,000. Akisema ina thamani ya Sh10 milioni, andaeni Sh400,000. Kodi ya faida ya kuuza mali ni ya mama, asilimia 15 tangu Januari 2023. Alinunua kwa Sh4.6 milioni, akiongeza ushuru wa stempu aliolipa, Sh184,000, na tuseme Sh80,000 za wakili, gharama yake ni Sh4,864,000. Faida ni Sh4,336,000 na kodi ni Sh650,400, pungufu ya hapo akiwa na risiti za ukarabati na za gharama za kuuza. Angesamehewa kama angekuwa ameishi humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza, lakini ameipangisha. Mwambieni mapema. Wauzaji wengi huigundua kodi hii wiki ya mwisho, wakataka bei ipandishwe au iandikwe bei ya uongo kwenye mkataba. Msikubali bei ya uongo, kwa sababu siku mtakapouza ninyi, gharama yenu itahesabiwa kwa bei hiyo ndogo na kodi yake itawaangukia.

Wakili mmoja kwa pande mbili hajakatazwa, ila kwa muamala huu haifai. Vifungu vyote nilivyovitaja ni vya kuvutana, na mtu mmoja hawezi kuvuta kamba pande zote. Isitoshe, malipo ya mwisho hufanyika kwa hati ya ahadi kati ya mawakili wawili: wa mama anakabidhi hati za asili, wenu anaahidi kwa maandishi kwamba salio, Sh8.28 milioni, litalipwa usajili ukikamilika. Akiwa mmoja, anajiahidi mwenyewe.

Kama hamtasafiri, tieni saini hati ya uwakilishi ya kumtuma kaka, mbele ya notari au ubalozi wa Kenya ulioko Doha, kisha isajiliwe Nairobi kabla hajaitumia. Iandikwe kwa fleti hii tu, namba na bei, na isimpe mamlaka ya kupokea au kurudishiwa pesa. Kila mmoja wenu atahitaji PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), pamoja na akaunti ya Ardhisasa kwa simu anayoishika mwenyewe, kwa sababu mfumo hutuma namba za siri za kuthibitisha.

Mwisho ni maegesho na mpangaji. Soma jedwali la lizi: kama halitaji namba ya maegesho, chumba cha mfanyakazi au stoo, hamjauziwa vitu hivyo, hata kama mama amekuwa akiegesha hapo tangu 2009. Ramani ya sehemu ikichorwa, nafasi ambayo haijatajwa itaingia kwenye maeneo ya pamoja. Na kama mnataka nyumba tupu, mkataba useme hivyo na mama atoe notisi. Mkiamua mpangaji abaki, amana yake ya kodi ihamishiwe kwenu siku ya kukamilisha, kwa maandishi na saini yake, la sivyo akiondoka atawadai ninyi pesa ambazo hamkuzipokea.